Kabla hujanunua saa ya kupima presha au bangili ya sumaku, soma hii

Jamani naomba nilisemee hili, maana haipiti wiki bila ndugu kunitumia picha WhatsApp ya saa au bangili anauliza hii kweli inafanya kazi? Inategemea unataka ikufanyie nini. Kuhesabu hatua sawa, mapigo ya moyo sawa, lakini presha na sukari usithubutu kuitegemea.

Shangazi yangu ana presha ya muda mrefu na yuko kwenye dawa za kila siku. Akaletewa zawadi ya saa, zile za bei chee wanatembeza hadi machinga, inapima mapigo, presha, oksijeni mpaka sukari, unabonyeza tu. Basi kila akipima inamletea 118 kwa 76, kesho 121 kwa 78, akaona kashapona huyo, akaanza kuruka dawa. Kisogo kikaanza kumuuma, tukamkimbiza kupimwa na mashine ile ya mkanda unaojaa hewa, ikaja 180 na ushee huku saa iko mkono wa pili inasema 120! Niliogopa sana. Jioni nikaichukua ile saa nikaifunga kwenye ndizi mbivu pale mezani, ikawasha vitaa vyake vya kijani, ikatulia kidogo, ikaleta mapigo 74 na presha 119 kwa 77. Ya ndizi.

Iko hivi, vile vitaa vinamulika ngozi, na damu inanyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo ukipiga damu inaongezeka pale na mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu huko kupanda na kushuka ndo inapata mapigo. Ukiwa umetulia na mkanda umekaa vizuri mapigo inayapata kweli. Ila presha ni msukumo wa damu ndani ya mshipa, na huo mwanga hauupimi, saa inakisia tu. Hata Samsung, ambao saa zao si za mtaani, wanakutaka uilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya wiki 4. Omron, kampuni inayotengeneza mashine za presha, walitoa saa inayopima presha yenyewe, lakini ile mkanda wake unajaa hewa kabisa na kubana mkono.

Sukari ndo usiniulize. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitangaza kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vile vidude vya sukari vya kubandika mkononi ni kitu kingine, vina kisindano kinaingia chini ya ngozi. Sasa mtu anajichoma insulini kwa namba ya saa ya machinga, si atakufa huyo?

Haya, bangili. Muuzaji anakwambia nyoosha mkono pembeni, anaukandamiza unayumba, anakuvalisha bangili anakandamiza tena umesimama imara, watu wanapiga makofi wanatoa hela. Mtazame mkono wake vizuri, mara ya kwanza anasukuma kuelekea nje, mara ya pili anasukuma kuja kwenye mwili wako, na wewe mwenyewe saa hiyo ushajiandaa. Mwaka 2002 hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani walitoa majibu ya watu 610 wenye maumivu ya misuli na viungo, nusu walivaa bangili za Q-Ray zilizosemwa zina nguvu maalum, nusu walivaa za kawaida tu, na nafuu waliyopata ikawa sawasawa. Mi mtu akivaa kwa urembo sina neno, ila muuzaji anayemwambia mama wa watu aache dawa ya presha avae sumaku, huyo anaua.

Kwenye hatua saa inasaidia, na wala usijitese na zile hatua 10,000 kwa siku wanazosema, ile namba ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka kwa madaktari. Kalori inazokuonyesha usizipangie chakula, zinakosea sana.

Kwa hiyo kama unataka kumnunulia mzazi zawadi ya afya, chukua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Kabla hujaenda dukani mpime unene wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, maana mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono unapandisha namba. Akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, apime mara mbili aandike kwenye daftari. Siku ya kliniki aende na daftari na mashine yenyewe, amwombe nesi apime kwa ya kwao na hiyo yake, waone kama zinaendana.