Dawa ya koga kwenye paa: anza kwa kuuliza maji yake yanakwenda wapi

Masika yakielekea kuisha, huku kwetu Marangu watu huanza kutafuta dawa ya koga la paa. Swali linaloulizwa dukani ni moja tu: ipi kali? Mimi nawasihi majirani zangu waanze na jingine kabisa. Maji ya paa lako yanaingia kwenye tenki? Yakiingia, na watoto wanayanywa, basi dawa nyingi zinazosafisha vizuri hazikufai, au zinakufaa kwa masharti.

La pili ni paa lenyewe limejengwa kwa nini. Nyumba yangu kubwa ina vigae vya saruji, na jiko la nje nimeliezeka kwa bati. Koga ni lile lile juu ya mapaa yote mawili, lakini siwezi kuyapaka dawa moja.

Niseme kwanza kuhusu shaba, kwa sababu hapa ndipo naona hasara kubwa. Sisi ni watu wa kahawa. Nyumba nyingi zina kopa stoo, yaani dawa ya shaba, ile tunayopulizia mibuni dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mtu akiona inaua kuvu shambani, anaona kwa nini asipande nayo juu ya paa. Wengine hutumia mrututu, ambao nao ni chumvi ya shaba. Ni kweli shaba huua koga, tena hukaa muda mrefu. Lakini shaba ikitulia juu ya bati lenye zinki au alumini, pakiwa na unyevu, madini hayo hayapatani: zinki au alumini huliwa, na bati huanza kutoboka. Hizi bati za msauzi zenye rangi nazo hazisalimiki pale rangi ilipochubuka na kwenye matundu ya misumari. Na usijifariji kwamba una vigae, maana maji ya vigae yanashukia kwenye gata, na gata nyingi ni za bati. Baada ya gata ni tenki. Pakiti ile imeandikiwa kipimo cha mibuni. Haikuandikiwa maji ya kunywa.

Jiki naitumia, ila kwenye vigae tu. Inaondoa ukungu mweusi haraka kuliko kitu kingine chochote nilichokijaribu. Nachanganya jiki ya kawaida na maji nusu kwa nusu, natandaza siku ya mawingu ili isikauke upesi, naiacha kama robo saa, kisha nasuuza kwa maji mengi. Nunua ya karibuni, kwa sababu joto na jua huipunguza nguvu, na dumu lililokaa dirishani mwa duka laweza kuwa limebaki harufu tu. Kwenye bati siiweki: klorini na chumvi inayobaki huharakisha kutu. Kabla ya kuanza, lowesha kwa maji migomba na maua yaliyo chini ya paa, uyaloweshe tena ukimaliza, la sivyo majani yataungua.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia, hata kidogo, hata kama fundi anasema ndivyo anavyofanya siku zote. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Fikiria inakukuta ukiwa juu ya ngazi.

Asidi peke yake nayo ikatae. Mafundi wanaipenda kwa sababu kigae hung'aa siku hiyo hiyo. Kinachong'aa ni saruji iliyochubuliwa. Asidi huyeyusha saruji, uso wa kigae unabaki na mashimo madogo, na koga linapata mahali pazuri zaidi pa kushika. Chumvi ya jikoni, ambayo wazee wengine huipendekeza, inaozesha misumari na gata.

Zipo pia dawa za benzalkonia kloraidi, ambazo unazipuliza na kuziacha bila kusuuza. Zinafanya kazi polepole, wiki kadhaa, koga linakauka na kupukutika lenyewe. Ni nzuri, na kwa mtu anayetumia maji ya bomba ningemshauri achukue hizi kabla ya jiki. Lakini zinategemea mvua izioshe, na mvua hiyo ndiyo inayojaza tenki. Zinaua samaki pia, kwa hiyo mwenye bwawa, au mwenye mfereji wa asili unaopita chini ya nyumba, aziache.

Dawa yoyote itakwenda bure ukiipaka juu ya koga nene. Likwangue kwanza likiwa na unyevu kidogo, kwa brashi ya nailoni, kutoka kwenye kofia ya kilele cha paa kushuka chini. Brashi ya waya na mashine ya maji ya presha huondoa ngozi ya kigae na rangi ya bati. Kama paa lako ni la asbesto, usilikwangue wala kulipiga presha kabisa. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi zinaleta saratani.

Kuhusu kuzuia, tazama paa la zamani la vigae lenye kofia ya bati. Chini ya kofia mara nyingi utaona ukanda msafi, kwa sababu kila mvua inashusha zinki kidogo, na koga halipendi zinki. Ndiyo maana nimemwambia fundi apachike kipande chembamba cha bati la zinki chini ya kofia, upande unaotazama mlima, ambako jua linachelewa. Mgrivea uliokuwa umelala juu ya paa tumeupogoa. Upande ule sasa unakauka kabla ya saa sita, na koga linarudi taratibu mno.

Kazi ya dawa naifanya Juni au Julai. Bomba la kwenda kwenye tenki nalitenganisha kabla sijafungua dumu, na linabaki hivyo kiangazi chote. Vuli ikianza, mvua kubwa za mwanzo nazimwaga nje, nafagia gata, ndipo naliunganisha.