Jibu: Nimekwama kitabu cha 10 cha The Wheel of Time, nikiruke?

Salaam mkuu. Unauliza kama uruke Crossroads of Twilight, kitabu cha 10 cha The Wheel of Time (mfululizo wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan), kwa sababu umefika nusu na hakuna kinachosogea. Huna kosa, hata wapenzi sugu wa mfululizo huu wanakilalamikia tangu kitoke 2003.

Kwanza jiulize: mwisho wa kitabu cha 9 bado unaukumbuka? Pale Rand, mhusika mkuu, na mwenzake Nynaeve wanaposafisha saidin, ile nguvu ya kichawi ya wanaume iliyokuwa imechafuliwa. Mimi nilikuwa nimeusahau, nikawa sielewi kwa nini kila mhusika anasimama kushangaa kitu kinachotokea mbali huko. Kumbe sehemu kubwa ya cha 10 inarudi kwenye siku zilezile, kila mtu akiwa alipo. Nilirudia ile sura ya mwisho ya cha 9, mambo yakakaa sawa.

Sura za Mat na Tuon usiache hata moja, ndizo zenye uhai. Za Perrin akimsaka mkewe Faile aliyetekwa, pitia juujuu. Za Elayne akigombea kiti cha enzi cha ufalme wa Andor niliziruka bila aibu (mabafu na chai vilinichosha!). Ila ukifika sura ya mwisho, ya Egwene, tulia usome.

Kitabu cha 11, Knife of Dreams, kasi inarudi. Ndicho cha mwisho Robert Jordan alichokikamilisha kabla ya kufariki 2007. Vitatu vya mwisho alivimalizia Brandon Sanderson. Siwezi kukuahidi utakipenda, lakini cha 10 kilinila miezi miwili, cha 11 nilikimaliza kwa siku nne.