Kuendelea na dawa ya wasiwasi katika ujauzito

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina mimba ya wiki 9. Ni mwaka wa pili natumia setralini miligramu 50 kila siku kwa ugonjwa wa wasiwasi. Mama mkwe anasema huo ni upungufu wa imani, niache vidonge ninywe kombe (maji yaliyooshewa aya za Qur'ani). Nikiendelea na mtoto akadhurika, nitakuwa nimemdhulumu?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Kwanza kabisa dada yangu, kidonge cha leo usikiruke. Kama umeshaacha, ongea na daktari leo hii. Dawa hii ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na kama kupigwa shoti kichwani, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Ikibidi kuacha, dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, daktari akifuatilia.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu ya neno. Kwetu "wasiwasi" hubeba mambo mawili: ule wa Surat An-Naas, shetani anaoutia vifuani mwa watu, na ule wa moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho na kifua kubana saa nane za usiku bila sababu. Wa kwanza, jikinge kwa Allah na uupuuze. Wa pili ni maradhi kama presha, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha: "Jitibuni enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa" (Abu Daud na Tirmidhi).

Ama kumdhulumu mtoto, kanuni ya fikihi ni kwamba yakikutana madhara mawili hubebwa lililo jepesi. Lipi jepesi? Hilo si la sheikh wala la mama mkwe, ni la daktari mwaminifu anayejua historia yako. Yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani kisha akaota ndoto ya kumpatisha janaba, wenzake walimtolea fatwa kwamba lazima aoge. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) akasema wamemuua, kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, dawa ya kutojua ni kuuliza (Abu Daud).

Na wajuzi wanasema setralini ni miongoni mwa dawa za kundi lake wanazozipendelea kwa mjamzito na anayenyonyesha. Si kwamba haina madhara. Baadhi ya wachanga huzaliwa wakitetemeka, wakihema haraka au wakinyonya kwa shida, na kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku chache hadi wiki 2. Tatizo la presha ya mapafu kwa mchanga hutokea kwa nadra: takriban watoto 3 kwa 1,000, badala ya 2 kwa mama wasiotumia dawa za kundi hili. Basi jifungulie hospitali, na mkunga ajue unatumia nini. Upande wa pili, wasiwasi mkali usiotibiwa nao unamfikia mtoto: mama halali, chakula hakipiti, kliniki haendi, na hatari ya kuzaa njiti au kupata sonona baada ya kujifungua huongezeka. Usimpe mwenzio hukumu hii kwa dawa nyingine. Paroksetini (ya kundi hilohilo), diazepamu (ya kutuliza) na hasa valproeti (ya kifafa) zina hesabu tofauti ya madhara kwa mimba.

Kisomo nakuhimiza, pamoja na kidonge. Ila kombe lisichanganywe na mizizi au unga usioujua, maana hapo ndipo mimba huhatarishwa. Mweleze mama mkwe kwa upole, au mumeo amweleze. Naye anamwogopea mjukuu wake.

Ramadhani ikikukuta, kidonge kinafunguza, lakini cha mara moja kwa siku unaweza kukinywa baada ya futari au wakati wa daku. Mwambie daktari kabla ya kubadili saa. Ukihofia afya yako, au yako na ya mtoto, kula, kisha utalipa siku hizo. Ukihofia mtoto peke yake, kwa madhehebu ya Shafi utalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Na fikra za kujidhuru zikikujia, usingoje tarehe ya kliniki: mwamshe mumeo, muende hospitali usiku huohuo.

Wallahu a'lam.