Maswali ya Wasomaji: Siku ya Vyakula vya Asili Iandaliweje?

SWALI: Mhariri wa safu hii, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Mwaka jana tuliandaa siku ya vyakula vya asili katani kwetu. Vyakula vilipangwa mezani tangu asubuhi, hotuba zikaendelea hadi saa nane mchana, na ulipofika wakati wa kula watu walipewa pilau na soda kutoka kwa mpishi wa kukodi, kwa sababu bada (ugali wa muhogo), kisamvu na mchunga (mboga chungu ya majani) vilikwisha kupoa na vilihesabiwa kuwa vya maonyesho. Wenzangu wanataka turudie mwaka huu, lakini mimi naona tulipoteza fedha za kikundi. Je, ipo namna ya kuandaa siku kama hii ikawa na manufaa? Katibu, Muheza.

JIBU: Dada Katibu, ipo, na barua yako yenyewe imekwisha kuonyesha kasoro ilikokuwa. Vyakula vyenu vilitazamwa, havikuliwa. Mtoto aliyekuwa pale aliona mchunga umewekwa mezani na kibandiko cha jina, kisha akaona wakubwa wake wakila pilau; akaondoka akijua kwamba pilau ndicho chakula cha heshima na mchunga ni kitu cha mabibi waliopita. Sina ugomvi na pilau, ambayo ni urithi wetu wa pwani vilevile, lakini siku ile haikuwa yake. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja: je, aliyekula siku ile ataweza kukipika chakula kile nyumbani kwake wiki inayofuata? Ili aweze, sharti awe amekionja kikiwa kitamu, amejua kinavyopikwa, na amejua atapata wapi mboga au mbegu yake.

Kwa hiyo chagueni tarehe kwa kufuata mvua. Kwenu masika huanza Machi na kufikia Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Mboga za majani hupatikana kwa wingi wiki chache baada ya mvua kuanza. Vikundi vingi huchagua Nane Nane kwa sababu viongozi wako tayari, kisha hulalamika kwamba mnavu umekuwa ghali na umesinyaa. Mkilazimika kufanya Agosti, basi pikeni vyakula vya kiangazi: kunde kavu, bada la makopa (muhogo mkavu), mlenda uliokaushwa na kusagwa. Navyo ni vya asili, na vinafundisha jambo ambalo vijana wengi hawalijui, yaani jinsi wazee walivyokuwa wakihifadhi mboga kabla ya kuwapo friji.

Upishi ufanyike mbele ya watu. Mafiga yawashwe alfajiri, na kila chungu kiwe na mama anayekijua pamoja na kijana mmoja mwenye daftari, ambaye ataandika kila hatua: maji kiasi gani, moto wa namna gani, tui jepesi linatiwa lini na tui zito linatiwa lini. Aandike pia jina la mboga kwa Kibondei, Kisambaa, Kidigo na Kizigua, kwa maana jina likisahaulika mmea wenyewe huhesabiwa kuwa gugu, nalo gugu hung'olewa. Mpishi aeleze sababu ya anachokifanya. Mchunga huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa ili kupunguza uchungu, lakini mchicha ukifanyiwa hivyo unapoteza vitamini bila faida yoyote. Nazi au karanga haiwekwi kwa ajili ya ladha peke yake, kwani mwili huhitaji mafuta ili kuipata vitamini A iliyomo katika majani ya kijani. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Maelezo ya namna hii yanatosha, wala hapana haja ya kuandika ubaoni kwamba mnavu unatibu kisukari au kwamba mlonge unatibu maradhi mia. Mgonjwa akiacha dawa zake kwa sababu ya bango lenu, mtakuwa mmemdhuru.

Nataka nikae kidogo kwenye mbegu, kwa sababu hapo ndipo siku nyingi za namna hii hufeli. Mgeni amefurahia mgagani, anauliza mbegu, na hakuna wa kumpa. Anzeni kuziandaa msimu mmoja kabla. Matunda ya mnavu yakiiva hupondwa ndani ya maji, nyama yake inayoelea humwagwa, na mbegu zilizozama huoshwa tena kisha huanikwa kivulini. Vifuko vya mgagani huchumwa vinapogeuka manjano, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu shambani; lakini wapewe watu onyo kwamba mbegu ya mgagani iliyovunwa juzi huota kwa shida, na ile iliyokaa miezi mitatu hadi sita mahali pakavu huota vizuri zaidi. Nimewaona watu waliopanda mbegu mpya, wakaona kitalu kitupu, wakasema mboga hizi hazipandiki. Mbegu zote hizi ni ndogo mno, hivyo wakati wa kupanda zichanganywe na mchanga mkavu ili zisiangukie mahali pamoja. Mchunga huenea kwa mizizi yake, kwa hiyo apewe mtu kipande cha mzizi na udongo wake. Fungeni mbegu katika karatasi, andikeni jina, mahali zilipovunwa na mwezi. Mkikosa mbegu ya mboga mnayoikumbuka, mwulizeni bibi shamba wa kata awasaidie kuwasiliana na taasisi ya World Vegetable Center, ambayo kituo chake cha kanda kiko Arusha na kinahifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika.

Kuhusu fedha, zile mlizomlipa mpishi wa kukodi walipwe akina mama watakaopika, na mboga zinunuliwe kwa wanakikundi kwa bei ya sokoni, kwa kuwa si haki kuwaomba wakulima kutoa mazao yao bure ili tuwasifu kwa hotuba. Majani ya migomba yatumike badala ya sahani za plastiki. Kunde zilowekwe usiku kucha na vyungu vifunikwe, isipokuwa cha kisamvu, kwa kuwa siku inayosifu chakula cha asili ikiteketeza mkokoteni mzima wa kuni itakuwa imeudhuru msitu ule ule unaotupa ukwaju na uyoga. Hotuba ziwe fupi, na ziwe baada ya chakula. Mgeni rasmi naye apewe bada na kisamvu, aketi na watu, ale mbele ya watoto.

SWALI: Nami ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Kilifi. Katika siku ya utamaduni shuleni kwetu wazee walitaka kupika muhogo mchungu na kisamvu kwa njia ya zamani, lakini mhudumu wa afya alikataza, akisema ni sumu. Wazee walikasirika, wakajibu kwamba wamekula vyakula hivyo maisha yao yote. Nani mwenye haki? Mwalimu, Kilifi.

JIBU: Mwalimu, kila upande una haki yake, na ingekuwa vyema kama wangekaa pamoja jikoni kabla ya kukasirikiana. Ni kweli kwamba muhogo una kemikali ambayo seli za mmea zikipasuka hugeuka kuwa sianidi, na ni kweli pia kwamba muhogo mchungu unayo kwa kiwango kikubwa zaidi. Wakulima wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo: nguruwe na nyani hawausumbui shambani. Lakini wazee hawakuwa wakiula ulivyo. Waliumenya, wakauloweka siku kadhaa hadi ulainike au wakauvundika, wakauanika juani, wakautwanga, ndipo wakasonga sima. Hatua hizo ndizo zinazoondoa sumu, kwa hiyo chakula cha asili ni muhogo pamoja na kazi yake yote. Mtu akichukua muhogo mchungu akauchemsha kama ule mtamu na kuwagawia watoto, hatakuwa amefuata njia ya zamani hata kidogo.

Hatari hiyo si ya kubuni. Uko ugonjwa uitwao konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ambao huwapata hasa watoto na wanawake waliokula kwa majuma mengi muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha huku wakikosa vyakula vya protini. Mwaka 1981 ulizuka kaskazini mwa Msumbiji, katika mkoa wa Nampula, ukawapata watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, nchini Tanzania. Mara nyingi chanzo kilikuwa ukame: njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuloweka na kuanika, hatua ambazo bibi zao wasingethubutu kuziruka.

Kwa hiyo nakushauri uwaombe wazee waonyeshe hatua zote, kuanzia siku ya kumenya hadi siku ya kusonga, na wanafunzi wafuatilie na kuandika. Hilo litakuwa somo la sayansi lisilopatikana kirahisi darasani. Ipo pia njia iliyopendekezwa na watafiti kwa ajili ya unga uliokwisha kusagwa: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi itoke hewani, kisha husongwa siku hiyo hiyo. Kwa ajili ya chakula cha kugawiwa siku yenyewe, tumieni muhogo mtamu mliochimba katika shamba mnalolijua. Kisamvu kitwangwe sawasawa, kwa kuwa kutwanga ndiko kunakopasua majani na kuiachilia sumu, halafu kichemshwe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu na kuchemshwa haraka, kama ninavyokiona sasa mahali pengi, kisipewe watoto.

Neno moja zaidi kuhusu nafaka. Msipike mahindi au karanga zilizotolewa maonyeshoni baada ya kukaa wazi kwa siku nyingi, wala nafaka yenye ukungu, hata ikioshwa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika nchi yenu, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nairobi. Katika mtaa wetu tunapanga kusherehekea tarehe 10 Desemba kwa vyakula vya kienyeji, lakini rafiki yangu anasema siku hiyo tumeiga kutoka Italia, na kwamba ni aibu kufundishwa na Wazungu kula managu (mnavu). Je, ni kweli? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu yangu, tarehe hiyo kweli imetoka Italia. Ni siku ya Terra Madre, yaani Mama Dunia, inayoadhimishwa na Slow Food, harakati ya kutetea vyakula vya kienyeji, ambayo ilianzishwa na Carlo Petrini na wenzake, na ambayo ilani yake ya kimataifa ilitiwa saini jijini Paris mwaka 1989. Siku yenyewe ilianza kuadhimishwa mwaka 2009, harakati hiyo ilipotimiza miaka ishirini. Mwambie rafiki yako, hata hivyo, kwamba tangu mwaka 2022 rais wa Slow Food ni Edie Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda, na kwamba miongoni mwa vyakula ambavyo harakati hiyo inasaidia kuvilinda mmo maboga ya Lare kutoka Nakuru na maziwa ya Wapokot, yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa majivu ya mti.

Na kazi ya kuzirudisha mboga zenu haikuanzia Italia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alianza kuzitafiti katika miaka ya 1990, wakati zilipokuwa zikiitwa magugu na chakula cha maskini. Mwaka 2007 wanasayansi wa Kenya pamoja na vikundi vya wananchi walianza kuorodhesha mimea ya asili inayoliwa, wakafikia takriban mimea 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Kazi hiyo iliendelea hadi shule za msingi, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Nchi nyingine ndizo zinazoelekezwa kujifunza kwenu. Managu, terere (mchicha) na saga (mgagani) zilizojaa leo katika masoko ya Nairobi ni matokeo ya kazi ya watu hao, na ya akina mama ambao hawakuacha kuzipanda nyuma ya nyumba zao hata zilipodharauliwa.

Basi fanyeni sherehe yenu tarehe hiyo bila aibu. Inaangukia mwishoni mwa mvua za vuli, mboga zikiwa tele na bei ikiwa nafuu. Kabla ya hapo, waulizeni wauzaji wa sokoni managu yao yamekuzwa wapi, kwa sababu baadhi ya mboga za mjini humwagiliwa maji machafu ya mito. Mkipata mkulima mnayeweza kumtembelea shambani, mwalikeni aje na mboga zake, na anwani yake muibandike mahali ambapo kila mgeni ataiona.