Rezidenti anauliza: elektivu ya figo niende wapi, na superviza nimchague vipi?

Dokta mmoja wa mwaka wa kwanza MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, ya magonjwa ya ndani, yuko hapa Dar, anapenda figo. Anauliza elektivu, yaani kile kipindi cha mafunzo unachojichagulia mwenyewe, aende nje au abaki, na superviza wa tasnifu aangalie jina au nini. Topiki anayoiwaza ni ugonjwa sugu wa figo kwa wagonjwa wa kisukari waliolazwa.

Mdogo wangu, tuanze na hiyo topiki maana ndo itakayokuchelewesha. Ile fomula ya sampo, ya kujua uchukue wagonjwa wangapi, kila mtu anaijua, ukikadiria wenye tatizo ni asilimia 50 kwa uvivu wa kusoma tafiti za nyuma, na kosa la asilimia 5, unapata wagonjwa 384. Sasa nenda kashike rejista ya wodi uhesabu, tuseme wanaofaa ni watano kwa wiki, hao 384 utawamaliza wiki ya 77, na hapo hujatoa waliokataa kusaini fomu wala waliofariki kabla majibu ya maabara hayajatoka. Ukikuta tafiti za huku kwetu zinasema asilimia 20 inashuka mpaka 246, bado ni karibu mwaka mzima. Alafu kuna kubwa zaidi, ugonjwa sugu wa figo unataka shida iwe imekaa zaidi ya miezi mitatu, sasa kipimo kimoja cha kreatinini, kile cha damu cha kuangalia figo, cha mtu aliyelazwa anaharisha na kutapika inakwambia nini? Inaweza ikawa figo zimeshtuka tu. Utahitaji arudi kupima tena, na kashapanda basi karudi kwao Masasi. Mi hilo swali ningelihamishia kliniki ya kisukari, wanakorudi wenyewe, ila jua hapo swali limebadilika, andika hivyo kwenye propozali usijifanye ni lilelile. Na kipimo cha albumini ya mkojo, ile protini inayovuja figo zikiharibika, nani analipia, jua kabla hujaomba kibali cha maadili.

Superviza, kiukweli jina halikusaidii kama drafti inakaa kwake hadi unasahau uliandika nini. Waulize wa mwaka wa tatu pale chumba cha madaktari, watakwambia bila kupepesa. Mtumie ukurasa mmoja tu uone anajibu nini, anayekuuliza "hawa wagonjwa utawapata wapi?" huyo shikamana naye, hata kama ni spesholisti wa juzi. Menta anaweza akawa mwingine kabisa, yule wa kukwambia ukweli kuhusu ajira na kusomea ubobezi, sio lazima asaini popote.

Elektivu sasa. Marekani bila leseni utasimama nyuma ya watu unaangalia, nauli na viza juu yako. Muhimbili wanasafisha damu, na tangu 2017 wanapandikiza figo, kaa hapo, omba ufuatilie wagonjwa walewale wiki hadi wiki, ujue kwa nini presha inamshuka huyu katikati ya mashine na yule haimshuki. Nje nenda baadaye, ukiwa na kitu kimoja unachokifuata, mfano kusoma biopsi za figo, vile vipande vidogo vya figo vinavyoangaliwa kwa darubini, na patholojisti, na uwe na barua kabisa inayosema utaruhusiwa kufanya nini.