Muulize Mpiga Fidla: "Mbona nilionyeshwa milango tu?"

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mwezi wa saba nina siku tatu za kukaa Unguja mjini. Safari ya kwanza mtembezaji alinipitisha kwenye milango ya nakshi, Ngome Kongwe na lilipokuwa soko la watumwa, basi. Nilirudi nyumbani nimejaa habari za masultani. Hivi hapo Mji Mkongwe hakuna sanaa inayofanywa na watu walio hai? — Mwalimu M., Tanga*

Marahaba, mwanangu. Huyo mtembezaji hakukudhulumu. Kosa lake ni kukutembeza mchana. Mchana wasanii wetu wako kazini: huyu anapima vitambaa Darajani, yule karani wa ofisi, na mie mwenyewe miaka yote nilikuwa nimeinama juu ya saa mbovu za watu. Sanaa ya mji huu huanza baada ya sala ya Isha. Kwa hiyo mchana lala, au kunywa kahawa pale Jaws Corner usikilize wazee wakibishana mpira.

Usiku wa kwanza tafuta mazoezi ya taarabu. Sisemi onyesho, nasema mazoezi. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na vikundi vyote viwili havijafa. Uliza barazani ni usiku gani wanakutana, utaelekezwa. Piga hodi, salimia, kaa nyuma. Hakuna atakayekufukuza ukinyamaza.

Halafu mtazame mpiga kanuni kabla hawajaanza. Ile ala ina nyuzi zaidi ya sabini, na kila moja lazima ikae sawa. Anakaza huku, anagusa, anainamisha sikio, anarudi kule. Kwenye vidole vya shahada amevaa pete zinazobana vijiti vya kupigia. Sie wa fidla tumeshamaliza zamani, tunapiga soga na kumtania. Akitikisa kichwa tu, wote kimya. Miaka ishirini na tatu nimekaa karibu na ala hiyo, na bado pale anaponyamazisha chumba, nywele zinanisimama.

Utakayemkuta akipiga kanuni huenda ni msichana wa umri wa wanafunzi wako. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay 1928 kurekodi sahani za santuri, mwanamke kusimama mbele ya kikundi lilikuwa jambo la kusemwa vibarazani. Leo wasichana wanasoma ala zenyewe, na wengi wamepitia DCMA, chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichoanzishwa 2002. Wazee wenzangu wananung'unika kwamba vijana hawa wanachanganya taarabu na jazi. Na wachanganye! Fidla yenyewe tuliikuta wapi kama si kwa wageni?

Ukisikia kidumbak kinapigwa harusini, acha chochote unachofanya uende. Hapo hakuna kanuni. Kuna fidla moja inayolia kama imeibiwa, vidumbak viwili, ndizo ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonganisha, na sanduku lililotiwa fimbo na uzi mmoja ambalo ndilo besi. Viatu vivue mapema, maana utacheza.

Filamu nazo zipo. Tamasha la ZIFF, lililoanzishwa 1997, huwa miezi hii ya katikati ya mwaka, na ndani ya Ngome ile ile uliyoonyeshwa kavu mchana watu hukaa kwenye ngazi za mawe wakitazama pazia chini ya nyota. Uliza tarehe kabla hujakata tiketi ya boti. La muziki, Sauti za Busara, ni Februari, hilo umelikosa. Na ukipanga safari nyengine, epuka Ramadhani, maana ala zote huwa zimefunikwa.

Kitu kimoja nakuomba ukirudie mchana: pale kanisani Mkunazini kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingo zimetiwa minyororo. Ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya 1998. Bila shaka ulipitishwa haraka. Safari hii simama hapo peke yako, usipige picha kwanza.

*Mzee, nataka kununua picha ya tingatinga nikija Zanzibar, iwe ya asili ya huko. Nitaijuaje? — Juma, Dodoma*

Asili ya huko? Juma, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao. Huku zimeletwa na biashara. Si vibaya kununua, lakini usiuziwe hadithi. Mie niliwahi kununua twiga "wa pekee duniani" kwenye duka moja, nikamkuta nduguye wa pili na wa tatu kabla sijafika mwisho wa kichochoro, mpaka ndege wa mgongoni ni yule yule. Tafuta mchoraji aliyekaa na brashi mkononi, mwambie akuchoree kitu chako: mama yako na baiskeli yake, kwa mfano. Akikubali na kuanza kukuuliza maswali, huyo ndiye.

*Nimealikwa taarabu kwa mara ya kwanza. Je, ni lazima nitunze? — Bi Z., Morogoro*

Si lazima, bibie, na kama huyajui maneno ya wimbo, usithubutu. Kutunza si kulipa. Mtu anapoinuka na noti yake, anacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, anasema mbele ya wote: beti hili ni langu. Na beti zetu zina mafumbo, zina wivu, zina majirani ndani yake.

Mwaka mmoja mgeni wetu, mama mpole kabisa, alisikia sauti tamu akainuka na noti yake huku anatabasamu. Beti lenyewe lilikuwa la mke mwenza. Kurudi kitini, dada aliyekaa pembeni yake alikuwa ameshahamisha mkoba wake na yeye mwenyewe, viti vitatu mbali. Ndipo tulipojua kwamba wawili hao walikuja na mume mmoja.