Mnaokwenda kusoma Galesburg, someni hii kabla hamjapanda ndege

Wadogo zangu mliopata Chuo cha Knox huko Galesburg, Illinois, hongereni sana, ila ile Marekani ya kwenye muvi itoeni kichwani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 30,052 mji mzima, na unapungua, maana 1960 walikuwa zaidi ya 37,000. Mimi mtoto wa Mbagala nilifika Jumapili jioni nikajua kuna msiba wa taifa, barabara nzima hamna mtu!

Sasa kwa nini wamepungua, hii mjue mapema. Kulikuwa na kiwanda cha mafriji cha Maytag, 2004 kikafungwa kazi zikahamia Reynosa huko Mexico, watu kama 1,600 wakakosa ajira, hadi Obama akawataja mwaka huohuo kwenye hotuba yake ya mkutano wa Democrat. Mimi nilikuwa nafanya kazi jikoni chuoni na mzee mmoja aliyetokea kiwanda hicho, kwa ushamba wangu nikamuuliza mbona mji wenu umepoa hivi, aisee hakunisemesha wiki nzima. Kumbe ningemuuliza tu alikuwa anatengeneza nini, maana baadaye alinisimulia mpaka nikachelewa darasa.

Chuo cha Knox nacho si cha juzi, kilianzishwa 1837 sambamba na mji, na watu wa kanisa kutoka New York waliokuwa wanapinga utumwa. Hiram Revels, seneta wa kwanza mweusi Marekani, alisoma hapo, na 1870 akahitimu Barnabas Root, Mwafrika mwenzetu wa Sierra Leone, kwa hiyo msijione nyie ndo mnafungua njia. Old Main, jengo ambalo Lincoln, kabla hajawa rais, na mpinzani wake Douglas walifanyia mdahalo nje yake Oktoba 1858, bado lipo na mnaingia vipindi humohumo.

Kilichoniumiza mimi ni kalenda. Muhula ni wiki 10 tu, masomo matatu. Nimezoea mambo ya Bongo, wiki mbili za mwanzo unatafuta handauti na kusalimiana, nikashtuka wiki ya tano mtihani huu hapa na kitabu sijafungua. Na darasani mko kumi na kitu, utajificha wapi? Nendeni kwa profesa ofisini mapema, hata kama swali lako unaliona la kijinga, hawagombezi.

Hela ikibana kuna Carl Sandburg College, chuo cha jamii hapohapo mjini, ada yake nafuu, ila muulize kwanza kama kozi yenyewe itahesabiwa kwenye digrii yako ndo ulipe.

Likizo ya Desemba ni ndefu na chuo kinakuwa kimya kabisa, tafuteni pa kwenda kuanzia Oktoba. Treni ya Chicago haifiki masaa matatu, kata tiketi mapema. Makoti mkanunue hukohuko, hayo mnayoita mazito hapa Dar ni sweta tu.